Boneti Iliyokuwa na Joto

Mwaka 2014 nilikuwa muuguzi wa miaka michache kazini, nikiishi Gongo la Mboto na kufanya kazi katika hospitali moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya zamu ya usiku nilikuwa nikirudi nyumbani nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja ukiwa umeshika bomba na kichwa kikiangukia bega la nisiyemjua. Mkopo wa SACCOS wa shilingi milioni 4 ulipotoka, nikauongezea akiba yangu ya milioni 3, nikamweleza mjomba wangu kwamba nimeamua kununua gari.

Mjomba alikuwa amestaafu ufundi wa magari. Hakuniuliza nina shilingi ngapi, bali aliniuliza nalitaka gari gani, nami nikamjibu bila kusita kwamba nataka Toyota Mark II, GX100. Nilikwisha kuliona katika yadi moja ya Kinondoni, rangi ya fedha, viti vya kitambaa laini kama sebule ya watu wenye uwezo, na bei yake ilikuwa milioni 6 na laki 8. Kuagiza gari Japani nilikuwa nimekwisha kulitoa akilini, kwa sababu nilipopiga hesabu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa, niliona kwamba kodi peke yake ingezimeza fedha zangu kabla gari halijatoka bandarini.

Tulifika yadi Jumamosi, saa tatu asubuhi. Dalali alikuwa ametusubiri, akaliwasha gari kwa mara moja tu, nalo likanguruma kwa utulivu ambao hata mimi nisiyejua lolote niliufurahia. Mjomba hakusikiliza injini. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akamuuliza dalali gari hilo limetoka wapi asubuhi hiyo. Dalali akasema halijatoka popote, limelala hapo hapo.

"Basi tutakuja kesho saa kumi na mbili," Mjomba akasema, "na asiliwashe mtu kabla yetu."

Nilikasirika, nakiri. Nilidhani uzee umemfanya awe mtu wa kutafuta kasoro. Tulirudi Jumapili alfajiri, boneti ikiwa imelowa umande, na mlinzi ndiye aliyetupatia ufunguo kwa kuwa dalali alikuwa hajafika. Gari lilisumbua kuwaka mara mbili, na lilipowaka, moshi wa bluu ulitoka nyuma na kutanda hadi ukutani, ukanuka oili iliyoungua. Baada ya dakika chache ukatoweka kabisa. Mjomba alinieleza kwamba oili huchuruzika usiku kucha na kuingia ndani ya silinda kupitia sili za valvu zilizochoka, ikaungua pale injini inapowashwa ikiwa baridi. Injini ikishapata moto huoni kitu, na ndiyo maana jana ilikuwa imepashwa kabla hatujafika.

Lakini hata kama injini ile ingekuwa nzima, alikuwa na hesabu nyingine, na aliifanya juu ya bahasha tukiwa kwenye kibanda cha chai. Nilikuwa nikisafiri karibu kilomita 40 kwa siku kwenda na kurudi. Kwa foleni ya Barabara ya Nyerere, injini ya silinda sita yenye cc 2,000 ingetumia takriban lita 5, wakati gari la cc 1,000 lingetumia lita 3 au pungufu. Petroli ilikuwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa lita. Tofauti ya mwezi mmoja ilikaribia nusu ya marejesho yangu ya SACCOS, na hapo hatujagusa oili, matairi wala plagi, ambazo kwa silinda sita hununuliwa sita. Niliitazama ile bahasha kwa muda mrefu kuliko nilivyolitazama gari.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Tabata kuona Vitz nyeupe ya cc 1,000 iliyokuwa ya mwalimu mstaafu. Sikuipenda. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu mlangoni, na bampa la nyuma lilikuwa na rangi tofauti kidogo na mwili. Mjomba aligusa boneti, ikawa baridi. Alifungua kifuniko cha oili na kuchungulia kama kuna utandu mweupe, akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi na kuinusa, akanitaka nikanyage breki huku yeye akihamisha gia kutoka R kwenda D akisikiliza kama kuna kishindo. Alinieleza pia kwamba injini ile inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na kwamba spea zake zimejaa Kariakoo, mpya na za kuvuliwa, kwa hiyo sitalala njiani nikisubiri kitu kiagizwe.

Kilichoniamulia mimi, hata hivyo, kilikuwa daftari la shule lenye jalada la bluu. Mwalimu alikuwa ameandika humo, kwa mwandiko wa ubaoni, kila tarehe aliyobadilisha oili, kilomita zilizosomeka na jina la fundi. Hakulileta ili kutushawishi. Alilitoa kwa sababu Mjomba alimuuliza breki za mbele zilibadilishwa lini, naye hakukumbuka.

Tulipohakiki kadi TRA, tulikuta gari linadaiwa ada ya leseni ya barabara ya miaka miwili, ada ambayo wakati huo ilikuwa bado inalipwa kila mwaka na deni lake lilikuwa likilifuata gari hata likibadili mmiliki. Mwalimu aliona aibu kubwa kuliko deni lenyewe. "Samahani, mwanangu," aliniambia, "tangu mzee alipofariki sikujua hilo nalo ni langu." Tulilitoa katika bei, tukakubaliana milioni 5 na laki 9, na iliyobaki nikaitenga kwa ajili ya bima, kuhamisha umiliki na matairi mawili ya mbele.

Nililiendesha mwenyewe kutoka Tabata, Mjomba akiwa pembeni na daftari mapajani. Nilikuwa nimejifunza udereva kwa gari la gia za mkono, hivyo tulipokaribia taa za Tazara mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi isiyokuwepo, ukakuta breki na kuikanyaga kwa nguvu zote. Daladala iliyokuwa nyuma yetu ilipiga honi hadi konda akatoa kichwa dirishani. Mjomba alijizuia kwa mkono juu ya dashibodi, akaokota daftari lililoanguka miguuni, akalipangusa.

"Mguu huo ukunje chini ya siti, mama," alisema. "Humu hauna kazi."