Watumwa Ishirini wa Sultani wa Kilwa

Mwaka 1994 kisiwa kilichotajwa zaidi katika redio zetu kilikuwa Robben. Nelson Mandela alikuwa ameapishwa mwezi Mei kuwa rais wa Afrika Kusini, na kila aliposimuliwa maisha yake ilikuwa lazima kupitia kisiwa hicho, alikofungwa miaka 18 kati ya miaka 27 ya kifungo chake. Mimi nilikuwa kidato cha tano, mtoto wa Tukuyu niliyekulia katikati ya migomba, chai na mvua, na bahari nilikuwa sijaitia machoni. Katika somo la historia tulikuwa tumesoma pia jinsi Waingereza walivyompeleka Napoleon kisiwani Saint Helena mwaka 1815, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1821. Kwa hiyo nilijua kwa yakini, kama vijana wanavyojua mambo, kwamba kisiwa ni mahali pa kumtupa mtu ili dunia imsahau.

Nilimwambia mjomba wangu maneno hayo tukiwa ndani ya MV Songea, Ziwa Nyasa, mwishoni mwa mwaka huohuo. Mjomba alikuwa mwalimu wa Kiswahili wilayani Rungwe, na kabla ya kuhamishiwa kwetu alikuwa amefundisha Kilwa Masoko. Alikuwa anakwenda Liuli kwenye arusi ya mwalimu mwenzake, akanichukua nimsaidie mizigo. Tuliteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela, tukafika bandari ya Itungi, na meli ilipoondoka ikaelekea kusini, Milima ya Livingstone ikiwa kushoto kwetu, imesimama wima kutoka majini hata hapakuonekana mahali pa kujenga kibanda.

Jirani yetu kwenye sitaha alikuwa bibi mmoja mtu mzima, Mwanglikana wa Liuli, aliyekuwa anarejea kutoka kumtazama binti yake Kyela. Alikuwa na gunia la mchele na vyungu vitatu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao wa ziwa, vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Kimoja kilikuwa kimefunguka, na nakumbuka nilivyokitazama: mwili mwekundu, laini kama uliosuguliwa kwa kokoto, na shingoni mistari myeupe iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka. Alipoona nakitazama alikihamishia magotini mwake kwa upole, maana meli ilikuwa imeanza kuyumba.

Mjomba hakukubali hata kidogo maelezo yangu kuhusu visiwa. Alisema kwamba Robben na Saint Helena ni visiwa vya wenye minyororo, nami nilikuwa nimesahau visiwa vyetu. Lamu, Pate, Mombasa, Unguja, Kilwa Kisiwani: yote hiyo ilikuwa miji, na ilikaa visiwani kwa sababu ya kutaka kufikiwa, si kwa kutaka kujificha. Maji yaliyokizunguka kisiwa yalikuwa bandari tulivu, na yalikuwa pia ngome dhidi ya adui wa nchi kavu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha. Kilwa ilitajirika kwa sababu chombo kilichotoka mbali kiliweza kufika pale na kurudi ndani ya msimu mmoja, wakati dhahabu ya Sofala, iliyo kusini zaidi, ilipandishwa na Wakilwa wenyewe.

Alikuwa amevuka mara nyingi kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Alitueleza juu ya msikiti mkuu wenye makuba, juu ya Gereza, ngome iliyojengwa na Wareno walipouteka mji mwaka 1505, na zaidi ya yote juu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililo kwenye mwinuko juu ya bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pande nane. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa. Mjomba alisema aliwahi kukaa kwenye ukingo wa birika hilo likiwa kavu na kujaribu kufikiri ni nani waliokuwa wakilijaza maji.

Kisha akatusimulia Ibn Battuta. Msafiri huyo wa Morocco alipita pwani yetu mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja, ambako aliona kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki. (Jambo hilo lilinifurahisha kupita kiasi, sikuwahi kudhani kwamba Mnyakyusa na Mmombasa wa karne ya 14 wangeweza kukaa kwenye sinia moja.) Akaendelea hadi Kilwa, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akamsifu zaidi sultani wake, al-Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa sababu ya ukarimu wake. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani alirudi, akabadili nguo, akampa. Watu walipousifu unyenyekevu huo, mwana wa sultani alizitwaa nguo zile kutoka kwa maskini na kumlipa watumwa kumi badala yake. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, aliamuru maskini aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mjomba alikisimulia kisa hiki vizuri sana, kwa sauti ya darasani, na abiria waliokuwa karibu walikuwa wamenyamaza kumsikiliza. Giza lilikuwa limeingia. Alipomaliza, alipanda kwenye ushairi bila kupumzika, kwa maana kwake Kilwa na Pate yalikuwa maombolezo ya aina moja. Alighani beti za Al-Inkishafi, utenzi ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga yapata miaka mia mbili iliyopita akiuonya moyo wake kwa kuutazamisha magofu ya Pate: majumba ya matajiri waliokuwa wakitembea kwa maringo yamebaki matupu, vidaka vya kupangia sahani vimekuwa viota vya ndege, na makinda ya popo yananing'inia juu. Aliongeza kwamba kisiwa hicho kidogo kilizaa pia Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na kwamba Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alikuwa mtu wa hukohuko. Sijawahi kusikia Al-Inkishafi ukighanwa vizuri zaidi ya usiku ule, na ningali naamini kwamba hakuna kazi ya fasihi ya Kiswahili inayoonyesha mwisho wa fahari kwa nguvu kama hiyo.

Bibi yule alisubiri mpaka Mjomba akamaliza kabisa. Kisha akauliza, "Mwalimu, hao watu ishirini, yule maskini aliwapeleka wapi?"

Mjomba alimwambia kwamba Ibn Battuta hakuandika.

"Na walitolewa wapi?"

"Bara, Mama," alisema Mjomba baada ya kitambo. "Huku kwetu, au karibu na kwetu."

"Haya. Ndiyo nilitaka ulitaje."

Kisha, bila kuombwa, alitueleza habari za bibi yake mzaa baba. Huyo alizaliwa kwa Wangonde, ng'ambo ya ziwa, upande wa Karonga, akachukuliwa akiwa msichana mdogo wakati wa vita vya Mlozi, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye mapigano yake yalianza mwaka 1887 na kumalizika Desemba 1895 Waingereza walipomnyonga. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikwisha kupigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kulivuka ziwa hili, na misafara iliendelea kushuka kwenda Kilwa Kivinje. Msichana alivushwa hadi mwambao wa mashariki. Akashikwa na homa, na msafara ukamwacha, kwa kuwa mgonjwa hakuwa na bei. Watu wa misheni wakamwokota na kumpeleka kisiwani Likoma, akakulia huko, akabatizwa, akaolewa.

"Kwa hiyo mjukuu wangu," alinigeukia, "wewe unasema kisiwa ni mahali pa kutupwa. Bibi yangu alitupwa nchi kavu. Kisiwani ndiko alikookotwa."

Likoma sikuwa nimewahi kuisikia. Ni kisiwa kidogo cha ziwa hilohilo, kilicho karibu na pwani ya Msumbiji, nacho ni cha Malawi, na sababu ya mpaka huo wa ajabu ni ile misheni: UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walikifanya makao yao katika miaka ya 1880, wakaanza kujenga hapo kanisa kuu la mawe la Mtakatifu Petro mwaka 1903, na kisiwa kikabaki chini ya serikali ya upande wa magharibi wa ziwa hata maji yaliyokizunguka yalipohesabiwa kuwa ya Wareno. Bibi alikuwa amesali ndani ya kanisa hilo. Alizungumza pia juu ya Padri Johnson, aliyezunguka vijiji vya ziwa hili kwa zaidi ya miaka arobaini na kuzikwa Liuli mwaka 1928, kana kwamba alikuwa mzee wa mtaa wake.

Mjomba hapo ndipo alipoishika ile kamba na kuivuta hadi mwisho, na sura yake ilibadilika alipokuwa akiongea. UMCA haohao, alisema, ndio waliohamia Unguja mwaka 1864, na soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873 walijenga kanisa lao hapohapo lilipokuwa soko. Basi kulikuwa na njia moja tu: ilianza ng'ambo ya ziwa, ikapita miguuni mwa milima yetu, ikashuka Kilwa, ikaishia Unguja. Kisiwa cha Likoma karibu na mwanzo wa safari, na kisiwa cha Unguja mwisho wake. Ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa amesisitiza kwamba visiwa havikukaa peke yao, na nadhani naye alielewa uzito wa maneno yake mwenyewe zaidi ya alivyokuwa ameuelewa jioni. Mizigo ile miwili ya pembe ya Kilwa ilibebwa na mabega ya mtu. Birika lile lilijazwa na mtu.

Tulifika Liuli siku ya pili. Hapakuwa na gati la kufaa, kwa hiyo mitumbwi ilikuja ubavuni mwa meli, abiria wakateremshwa kwa zamu, na Mjomba ndiye aliyeshuka na vyungu vya bibi, kimoja baada ya kingine, huku akikemewa avishike chini na si kwenye mdomo. Vyote vitatu vilifika salama. Kwenye arusi tulikula usipa, dagaa wa ziwa, na wali mpaka usiku wa manane, na bibi alikuja na wajukuu wake kutusalimia.

Sasa nami ni mwalimu wa Kiswahili, jijini Mbeya. Kabla ya kusoma Al-Inkishafi nawataka wanafunzi wachore ramani ya njia kutoka Ziwa Nyasa hadi baharini, na wale wa Kyela na Ludewa huja na simulizi za nyumbani ambazo vitabu havina. Muhula huu msichana mmoja wa Matema amenipinga mbele ya darasa zima. Anasema kwamba Pate si Kilwa, kwamba Pate ilisifika kwa vitambaa vya hariri vilivyofumwa na mafundi wake, na kwamba si haki kuutwisha mji mmoja deni la mwingine bila ushahidi. Mwenzake alisimama akauliza hariri hiyo ilibadilishwa na nini, kama si pembe za bara. Nimewapa wiki moja, wote wawili, kila mmoja aandike hoja yake na kuitetea.