Kabla ya kubonyeza Y: kusakinisha programu kwenye Ubuntu kwa usalama

Anayetoka Windows akaingia Ubuntu huja na mazoea yake: akitaka VLC anafungua kivinjari, anatafuta tovuti, anabonyeza kitufe cha kwanza cha kupakua. Kwenye Ubuntu au Debian acha njia hiyo. VLC ipo tayari kwenye hazina ya mfumo, yaani ghala lake la programu mtandaoni, na apt, programu ya mfumo ya kusakinisha, ndiyo inayokwenda kuichukua. Andika hivi kwenye terminal (dirisha la amri):

sudo apt update
sudo apt install vlc

Mstari wa kwanza hausasishi programu yoyote. Unaleta orodha mpya ya vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) vilivyomo kwenye hazina, basi. Ukiuruka, apt inaweza kuomba toleo ambalo seva imeshaliondoa, nawe ukapata kosa la 404 na kudhani bando limeisha.

Usalama wenyewe uko hapa. Hazina ina faili liitwalo InRelease, lenye saini ya kidijitali ya watunza mfumo. Ndani yake mna alama za SHA256 (alama zinazobadilika faili likiguswa) za orodha za vifurushi, na kwenye orodha hizo mna alama ya kila kifurushi. Ufunguo wa kuhakiki saini ulikuja pamoja na mfumo. Mtu akichezea kifurushi njiani, tuseme kwenye Wi-Fi ya hoteli, alama hazitalingana na apt itakikataa.

Ndiyo maana naumia nikiona mtu aliyepata kosa la uhakiki anashauriwa kuweka [trusted=yes] au --allow-unauthenticated, yaani kuiambia apt isijali saini, ili "kosa liondoke". Kosa linaondoka kweli, na ulinzi nao unaondoka. Mara nyingi chanzo chake ni kidogo tu. Chukua kompyuta ya mezani ya mtumba: kibetri cha duara kwenye mazabodi, CR2032, kimekufa, kwa hiyo kila ukizima umeme saa inarudi miaka nyuma. Apt inasoma tarehe ya InRelease, inaona ni ya siku zijazo, inaandika "is not valid yet" na kugoma. Andika timedatectl uone saa, kisha sudo timedatectl set-ntp true ijirekebishe kupitia mtandao. Halafu nunua kibetri kipya.

Kabla ya kubonyeza Y (ndiyo) apt inapouliza kama iendelee, soma. Apt inaonyesha vitakavyoongezwa, ukubwa wa kupakua, na vitakavyotolewa. Ukiona "REMOVED" (au "REMOVING" kwenye apt mpya) na chini yake kuna ubuntu-desktop au gdm3 (skrini ya kuingilia), bonyeza n. Umeomba programu moja, nayo inataka kukung'olea dawati zima, dalili kwamba matoleo ya vifurushi yanagongana. Ukitaka kujaribu bila kugusa kitu, apt -s install na jina la programu.

Saini inathibitisha kifurushi kimetoka wapi. Haithibitishi kwamba ndani ni kisafi. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kwa mbali kupitia ssh kunachelewa kidogo. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika Debian ya majaribio, lakini Debian thabiti haikuguswa. Kwa kompyuta ya kazi, kaa kwenye Debian thabiti au Ubuntu ya LTS (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu).

Kuna programu ambazo hazimo kwenye hazina. Ukipakua faili la .deb (kifurushi kimoja cha Debian au Ubuntu), lichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, kisha sudo apt install ./jina.deb, ukianza na hiyo nukta na mkwaju. Tofauti na dpkg -i, amri inayosakinisha faili hilo peke yake, apt italeta na vifurushi tegemezi. Kumbuka kwamba faili hilo halipitii ukaguzi wa saini ya hazina, na hati zilizomo ndani yake zinaendeshwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiongeza hazina ya nje, ufunguo wake uweke /etc/apt/keyrings na uutaje kwa signed-by kwenye mstari wa hazina hiyo, ili ufunguo huo usiidhinishe hazina nyingine. Maelekezo yanayotumia apt-key ni ya zamani.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, washa, kisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Na ukikuta ujumbe wa lock-frontend (faili la kufuli linalozuia usakinishaji miwili kwa wakati mmoja), usifute faili hilo. Mara nyingi ni unattended-upgrades inaweka masasisho ya usalama kimyakimya. Ipe dakika kumi, kisha jaribu tena.