Gita la Ridhimu Ndilo Linalonilipia Pango

Kila mwaka unapokaribia kwisha hukaa na daftari langu la mapato ili nione fedha zilitoka wapi, na kila mara daftari hilo hunieleza jambo lile lile: solo, yaani gita linalolia juu ya mengine, kazi niliyoiota tangu nikiwa kijana wa Kinondoni, huchangia sehemu ndogo sana ya kinacholipa pango na ada za watoto. Sehemu kubwa hutoka katika ridhimu, yaani gita linalorudia mzunguko wa wimbo chini ya mwimbaji na solo. Hutoka katika harusi na sherehe za kumuaga binti, katika chakula cha jioni hotelini, katika kwaya zinazohitaji mpiga gita wa kurekodi naye, na katika bendi ambazo mpiga ridhimu wao ameugua au amesafiri. Mwaka huu nimeona niandike kwa nini hali iko hivyo, kwa sababu vijana wanaoniuliza namna ya kuishi kwa gita karibu wote huniuliza kuhusu solo.

Siwalaumu. Ukisikiliza rekodi za zamani, sikio lako hukimbilia gita linalolia juu. Mbaraka Mwinshehe alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi kwa wakati mmoja. Alijijenga ndani ya Morogoro Jazz, akaenda na bendi hiyo hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na ajali ya gari ilipomchukua mjini Mombasa mnamo Januari 1979 alikuwa bado kijana wa miaka thelathini na ushei. Mtu wa namna hiyo huacha kivuli kirefu, na kila anayenunua gita la mtumba Kariakoo hutaka kusimama ndani yake. Hata hivyo, rudia rekodi zile zile na safari hii uliache solo lipite. Chini yake utasikia gita jingine linalozunguka juu ya kodi tatu au nne (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) bila kuchoka na bila kujionyesha, na utagundua kwamba ndilo linalompa mpiga solo ujasiri wa kuchelewa, kunyamaza na kurudi pale anapotaka.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana kutoka kwenye viti. Wimbo wa dansi wa Kitanzania kwa kawaida huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake, kisha hufika kwenye chemko, ambapo mwendo hubadilika, waimbaji huitikiana na watu hujaa ukumbini. Katika sehemu ya kwanza mpiga ridhimu humwachia mwimbaji nafasi. Katika chemko hurudia mzunguko mmoja kwa dakika nyingi, huku mpiga solo la pili akijaza mapengo kati yake na solo kubwa. Akiongeza kasi kidogo tu kwa sababu ya msisimko, besi humfuata, ngoma hufuata, na baada ya muda wachezaji hutoka jasho kwa namna isiyo ya raha. Nilifundishwa haya na mzee mmoja aliyepiga katika bendi za miaka ya themanini, ambaye baada ya kunisikia jioni moja aliniambia, "Mdogo wangu, unapiga mno. Punguza, mwimbaji apate pa kupumulia." Tangu siku hiyo hufanya mazoezi na kipima mwendo nikiwa nimekiweka taratibu kupita kiasi, kwa kuwa mwendo wa taratibu ndio humfichua mtu.

Mzee huyo alikuwa na jambo ambalo kizazi changu hakina, yaani mwajiri. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na hatimaye, baada ya kubadilisha majina, ikajulikana kama Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, ambalo jina lake bado limeshikamana nayo. Polisi, jeshi, umoja wa vijana na mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipokea mshahara wa mwezi, na gita, amplifaya na ngoma vilikuwa mali ya taasisi. Wapo wanaoukumbuka mfumo huo kama pepo iliyopotea, lakini mimi huukumbuka kwa uangalifu zaidi, kwa sababu wazee hao hao hunisimulia kwamba aliyegombana na uongozi au kuhamia bendi nyingine aliondoka mikono mitupu, bila hata waya wa gita. Ila jambo moja siwezi kulikana: mshahara uliwapa muda. Bendi ilikutana mchana kwa mazoezi siku ambazo hakukuwa na onyesho, na magita ya Sikinde, yaani Mlimani Park hiyo hiyo, yanayoingiliana kwa ustadi ule hayakupatikana kwa watu kukutana jukwaani saa mbili usiku wakiulizana wimbo unapigwa katika sauti gani.

Leo muda huo naununua mwenyewe, na hapo ndipo sehemu ya kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi inapoanza. Kabla ya kukubali mwaliko wowote huuliza tutapiga kwa saa ngapi, nani analeta vyombo, usafiri wa kurudi baada ya saa sita usiku ni wa nani, na kianzio kinalipwa lini. Majibu nataka niyapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Mwandaaji mmoja wa sherehe aliwahi kunilipa nusu kwa hoja kwamba wageni walichelewa kufika, kwa hiyo tulipiga muda mfupi, ilhali sisi tulikuwa tumekaa hapo tangu jua halijazama. Sasa saa zangu zinahesabiwa kuanzia pale tulipoagizwa kuwa tayari, na wenye nia njema hawajawahi kulikataa sharti hilo.

Hoteli zilinifundisha jambo jingine. Meneja wa hoteli ya ufukweni mara nyingi hataki bendi; anataka mtu mmoja asiyechukua nafasi kubwa na asiyewazuia wageni kuzungumza. Kwa mtu aliyezoea kuegemea besi na ngoma, kukaa peke yake na gita kavu, lisilotumia umeme, kwa saa mbili ni mtihani. Nilipata msaada kwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga nchini Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi unaitwa Likasi. Aliimba nyimbo zake kadhaa kwa Kiswahili, na kwa kidole gumba na cha shahada tu aliweza kushika besi, kodi na melodi kwa pamoja, kiasi kwamba msikilizaji hutafuta mpigaji wa pili asiyekuwepo. Nilitumia miezi mingi kuzikopi rekodi hizo kwa sikio, kipande kwa kipande, na hadi leo kuna mapito ya vidole ambayo nayaweza asubuhi na yananikataa jioni. Ujuzi huo wa zamani ndio umenipa kazi yenye siku zinazojulikana, ambayo kwa mpiga gita ni jambo kubwa kuliko malipo yenyewe.

Studioni mambo yana utata wake. Mtayarishaji huniita, hunichezea wimbo ambao bado una sauti na mdundo tu, kisha husema, "Kaka, tia kitu hapo." Hicho "kitu" mara nyingine ndicho watu watakachokuja kukiimba kwa midomo kabla hata ya maneno ya mwimbaji. Hulipwa mara moja, natia sahihi au sitii, na wimbo huondoka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji kuwa na haki zake mbali na zile za mtunzi, lakini haki hiyo hainisaidii ikiwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba nilikuwepo. Kwa hiyo huomba jina langu liandikwe katika taarifa za wimbo hata pale malipo yanapokuwa madogo, na pale ninapokuwa nimebuni melodi nzima ya utangulizi, hufungua mazungumzo ya mgawanyo wa utunzi kabla ya kuunganisha waya. Wengine hukasirika. Wachache wamekubali, na hao ndio ninaowapa kipaumbele wanapopiga simu.

Niseme pia kidogo kuhusu mwili na vifaa, ingawa si mada inayovutia. Hewa ya chumvi na jasho la Dar es Salaam hula nyuzi upesi, hivyo huzifuta kwa kitambaa kila baada ya onyesho na hubeba seti ya akiba. Masikio hayana seti ya akiba. Wataalamu wa afya kazini wa NIOSH, Marekani, hushauri sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na muda huo upungue nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100, ambazo si ajabu mbele ya spika za ukumbini, zinaruhusiwa kwa dakika 15 tu. Wenzangu walinicheka nilipoanza kuvaa vizibo vya masikio. Mpiga ngoma wetu sasa ana vyake.

Wiki iliyopita alinijia kijana anayeishi mtaa wa pili, mwenye vidole vyepesi ajabu, akitaka nimfundishe solo ili aingie kwenye bendi. Nilimpa chemko ya wimbo mmoja na kumwomba aipige ridhimu yake, bila kubadilisha chochote, hadi nitakapomwambia aache. Alivumilia kidogo, kisha akaanza kuipamba. Nimemwambia arudi Jumamosi, na kwamba nitamtafutia nafasi ya kukaa karibu na jukwaa tutakapopiga harusi ya mwisho wa mwezi huu, amwangalie mkono wa kulia mpiga ridhimu atakayekuwepo, kwa kuwa usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya muda, mimi nimepewa solo.