Dakika nne kati ya Kisumu na Kakamega

Wiki iliyopita nilikesha katika ofisi ya Sacco moja hapa Kisumu, nikitafuta ni kwa nini rekodi zilionyesha kwamba mama mmoja muuza omena alitoa pesa hapa kabla hazijawekwa kwenye akaunti yake katika tawi la Kakamega. Alikuwa ametozwa ada kwa sababu hiyo. Kumbe saa ya kompyuta ya hapa ilikuwa nyuma kwa dakika 4.

Nilimkumbuka Leslie Lamport, Mmarekani aliyesomea hisabati hadi shahada ya uzamifu, ambaye mwaka 1978 alionyesha kwamba mashine zilizo mbalimbali zinaweza kupanga matukio bila tokeo kutangulia chanzo chake, hata kama saa zao hazilingani: kila mashine ihesabu matukio yake, kila ujumbe ubebe hesabu hiyo, na mashine inayoupokea, ikiwa iko nyuma, isogeze hesabu yake ipite ile iliyoletwa. Nilichora mishale nyuma ya risiti, Kakamega hadi Kisumu, na kila nilipoufuata mshale, namba iliongezeka.

Lamport alitunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2013, miaka 35 baadaye. Sehemu kubwa ya utafiti wake aliifanya katika maabara za kampuni, jambo linalonipa moyo sana, kwa kuwa huku kwetu tumezoea kuambiwa kwamba nadharia ni ya maprofesa pekee. Sikubaliani kabisa.

Mama yule amerudishiwa ada yake, nami naiandika upya programu ya Sacco ile ili kila muamala ubebe hesabu yake.