Usiku Sufuria Ilipozaa Uani Kwetu

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa na watu wa kusoma na watu wa kusomewa, na hao wa kusomewa ndio waliokuwa na maoni makali zaidi. Hilo nalijua kwa kuwa msomaji nilikuwa mimi.

Ilikuwa Ramadhani ya Januari 1998. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mvua za El Nino zilikuwa hazijatuacha. Barabara zimekatika huku na huko, mabasi ya Dar yanalala njiani, na umeme ukizimika jioni hakuna aliyehangaika kuuliza utarudi saa ngapi. Baada ya futari na tarawehe, wanawake wa nyumba yetu pamoja na majirani walikaa ukumbi wa nyuma, ule unaotazama uani, wakasuka ukili wa mikeka mpaka usiku mkubwa. Kandili iliwekwa karibu yangu, kwa sababu wao hawakuihitaji sana. Ukindu ukishaloweshwa ukalainika, vidole vinajiendea vyenyewe: mmoja juu, mmoja chini, kunja, vuta. Msukaji hodari hatazami mikono yake. Masikio yanabaki huru, na masikio huru yanataka kitu.

Bibi hakusoma herufi za Kizungu. Alisoma za Kiarabu, na barua zake zote za Kiswahili aliziandika kwa khati hizo, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Hadithi zetu za kuchapwa kwa hiyo zilimfikia kwa sikio tu, na sikio lake halikuwa la mchezo. Nikisoma haraka mahali pa kuchekesha alininyooshea kidole: "Rudi hapo, mjukuu wangu. Umepapita mbio."

Tulianza mwezi na Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithini. Nilikuwa nimeazima maktaba ya mkoa, ile ya ukumbusho wa Mfalme George wa 6, kitabu cha Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi. Watu hukisifu kwa upelelezi wake. Mimi tangu wakati ule nakisifu kwa namna watu wanavyozungumza humo ndani. Bwana Msa na kiko chake, Najum nyuma yake na maswali, na Kiswahili cha Unguja kinachoweza kumtia mtu adabu bila kumtukana. Shangazi alikipenda mno. Kila Najum alipouliza jambo, yeye alijibu kabla ya Bwana Msa, na akikosea alimlaumu mwandishi. Mama hakucheka hata mara moja kwa sauti, ila nilikuwa naona mabega yake.

Kaka yangu alikuwa na gazeti la katuni la *Sani* lililokwisha kupita mikono ya mtaa mzima, akalisoma peke yake mlangoni kwa tochi huku akiangua kicheko. Bibi akataka na yeye achekeshwe. Kaka akajaribu kumweleza Madenge kafanya nini kwenye picha, halafu kwenye picha inayofuata. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Huyo mtoto hana wazazi?" Kaka alieleza kwamba wazazi anao na ndiyo maana inachekesha. Bibi akasema hicho ni cha macho, yeye apewe cha masikio.

Ndipo nikaenda kwenye sanduku la babu nikatoa *Hekaya za Abunuwasi*. Gamba lilikuwa limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo, na pembezoni babu alikuwa ameweka alama za kalamu ya risasi kwenye visa alivyovipenda. Nikachagua kimoja kati ya hivyo.

Kisa chenyewe kila mtu wa pwani anakijua, au anadhani anakijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha na sufuria ndogo ndani yake. Jirani anashangaa: hii ndogo ya nani? Abunuwasi anamwambia ni yako, sufuria yako imezaa. Jirani anapokea zote mbili, tena kwa furaha. Baadaye Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Jirani anapokuja kudai anaambiwa sufuria imefariki. Kesi inakwenda mbele, na jirani anashindwa, maana aliyekubali sufuria izae atakataaje isife?

Nilisoma polepole, Bibi asipate la kusema. Walicheka pale pa kuzaa, wakacheka zaidi pale pa kufa. Halafu, kama kawaida ya ukumbi ule, wakaanza kuhukumu. Shangazi akasema Abunuwasi ni mwalimu, kamfundisha mroho somo. Bibi akasema mwalimu gani anaondoka na sufuria ya mwanafunzi? Kwake yeye, Abunuwasi mwizi, jirani mroho na kadhi mvivu, na kisa kinachekesha kwa sababu hakuna hata mmoja wa kumwonea huruma. Mama, ambaye alisema kidogo, akauliza mke wa jirani alipikia nini wiki hiyo. Hilo lilinikaa. Nimesoma kisa kile mara nyingi tangu hapo, na kila nikifika mwisho namuona mwanamke amesimama jikoni bila sufuria.

Jirani yetu muuza kaimati alikuwa kimya. Alisuka, akasuka, kisha akasema bila kuinua uso:

"Basi khanga ndiyo ile sufuria ndogo."

Mikono ikasimama yote. Sikuhitaji kuelezwa, maana habari ile niliijua kama alivyoijua kila mtu mle ukumbini. Mwaka uliopita walicheza upatu. Kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye usiku ule ule alikuwa ameketi baina ya Mama na Shangazi. Mwanamke mmoja alimwomba apokee wa kwanza, akampelekea doti ya khanga kwa shukrani. Alipokea, akachanga miezi michache, akahamia Muheza, na mchango wake ukahamia naye. Waliofuata walipata pungufu kidogo, wakavumilia. Muuza kaimati ndiye alikuwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye aliyeumia: kapu lilipomfikia halikutosha kununua hata nusu ya alichokuwa amekipangia. Kijumbe alisema hasara ni ya wote. Wengine walinong'ona kwamba kijumbe ndiye aliyemtanguliza yule mwanamke, na aliyemtanguliza amfidie. Walinong'ona tu. Walisalimiana, walisaidiana misibani, walifuturu pamoja, na jambo hilo halikutajwa usoni kwa mtu.

Sasa limetajwa, mbele ya kandili, kwa mdomo wa Abunuwasi.

Fundi cherehani akaweka ukili wake chini. "Khanga nilipewa kwa hisani," akasema.

"Na yule jirani alipewa kwa nini?" muuza kaimati akamuuliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ile ile aliyokuwa akibishania hadithi.

"Jirani alijuaje kwamba ni hila?"

"Alijua sufuria haizai."

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata nikadhani watazungumza mengine kwa kisingizio cha kutosikilizana. Bibi akanigeukia. "Soma tena pale jirani anapopokea. Hapo tu."

Nikasoma. Mistari ile ni michache, na sijapata kusoma mistari michache kwa uangalifu kama ule. Nilipofika pale jirani anapoitazama sufuria ndogo na kuikubali, fundi cherehani alianza kutikisika. Nilifikiri analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinamjia kwa nguvu, anakizuia, kinamshinda. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake, akasema, "Jamani, mmenikamata kwa kitabu!" Hapo ndipo wote walipoachia, na Shangazi akampiga kofi la mgongo. Muuza kaimati alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

Si kwamba kicheko kilimaliza kesi. Baada ya hapo walibishana kweli kweli, tena kwa hesabu: nani alichanga mwezi gani, nani alipunguziwa ngapi, yule wa Muheza alisemaje alipoaga. Yaliyokuwa yamenong'onwa mwaka mzima yakasemwa yote. Ila kila lilipoanza kuwa kali, mmoja wao alirudi kwenye kisa. "Haya, hapo ulikuwa umeshapokea ndogo au bado?" "Bado, hapo ndiyo kwanza imeazimwa." Waliweza kuulizana hivyo maswali ambayo wasingeweza kuulizana kwa majina yao wenyewe. Fundi cherehani akasema mwishowe kwamba nusu atailipa yeye, kwa kuwa khanga aliivaa yeye, na nusu nyingine barabara ikipitika atakwenda Muheza kuifuata. Muuza kaimati akasema nusu anaikubali, na ya Muheza ataiamini akiiona.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa fasihi ambao ulinitaka nieleze dhamira, ujumbe na mafunzo. Kicheko hatukuwahi kuulizwa. Kitabu cha huzuni kiliheshimiwa darasani, na cha kuchekesha tuliachiwa tukasome likizo, kama peremende. Hata tamthilia ya Edwin Semzaba kuhusu Ngoswe, yule karani wa hesabu ya watu aliyepumbazwa na mapenzi kijijini mpaka karatasi za serikali zikateketezwa kwa moto, nimekutana na wengi wanaoijadili kwa nyuso za matanga. Mimi nashikilia kwamba ni kati ya kazi zetu zinazochekesha kuliko zote, na kwamba asiyecheka humo hajaiona hasara yenyewe. Nimebishana na watu wazima juu ya hili na nitaendelea kubishana.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli: Abu Nuwas, mshairi aliyezaliwa Ahvaz, Uajemi, akaishi Baghdad zama za Khalifa Harun al-Rashid, akafariki mwanzoni mwa karne ya 9. Sifa yake kubwa kwa Waarabu ni mashairi ya mvinyo, mambo ambayo Bibi asingeyaruhusu ukumbini Ramadhani wala Shaabani. Sisi watu wa pwani tulimpokea tukamfanya mwerevu wa mtaa, tukampa sufuria, mbuzi na punda, na visa ambavyo kwingine vinasimuliwa kwa jina la Juha tukamtwika yeye. Naona tulimtendea wema. Mashairi yake yanasomwa na wasomi, lakini uani kwetu alikaa kama jirani.

Usiku wa mwezi ishirini na saba fundi cherehani alikuja na fedha amezifunga pindoni. Alizifungua mbele ya wote, akazihesabu noti moja moja juu ya mkeka, muuza kaimati akazihesabu tena. Za Muheza zilipatikana baada ya Iddi, si zote. Muuza kaimati alinunua sinia kubwa na karai jipya, na hakusita kumwambia kila mteja kwamba karai hilo halizai.

Usiku ule ule wa fedha, nilipouliza tusome nini, fundi cherehani alitaka turudi kwa Bwana Msa. Alisema anampenda kwa kuwa hana sufuria. Bibi akakataa, akataka kile kisa cha maskini aliyekula chakula chake kwa harufu ya nyama ya tajiri, tajiri akamshitaki, na Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa fedha. Nikasoma. Nilitarajia wote watakuwa upande wa maskini, lakini muuza kaimati akainua mkono. Akasema yeye ni mtu wa karai, anaijua harufu: inatengenezwa kwa kuni, kwa mafuta na kwa kuamka alfajiri, haiji bure.

"Kwa hiyo nasi tukupe nini," Shangazi akamuuliza, "tunaokaa ukuta mmoja na wewe miaka yote hii?"

"Nyinyi mnanunua. Namsema asiyenunua."

"Na akiwa hana?"

"Akiwa hana aje aseme hana, nitampa kaimati. Asisimame dirishani kwa tajiri."

Mama akasema hilo Abunuwasi hakulifikiria. Bibi akasema alilifikiria, ila aliyeandika alilisahau, na nikaambiwa nirudie kuanzia mwanzo tuone ni nani kati yao mwenye haki. Tulikuwa katikati ya mara ya pili wapiga ngoma ya daku walipopita barabarani, na muuza kaimati akainuka kwenda kuwasha jiko huku bado anajibizana na Shangazi kupitia ukutani.