Kisahani chekundu cha Babu

Juzi mwanangu alikuwa akipekua picha kwenye simu yangu, akasimama kwenye ile ya kisahani. "Baba, huyu aliyeandikwa hapa ni nani?" Nikamwambia ni rafiki yake Babu wa vitani. Akaridhika, akaendelea na picha nyingine. Mimi sikuridhika na jibu langu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mwaka 2014, arobaini ya Bibi ilipokwisha, Shangazi alilifungua lile sanduku la mninga. Chini kabisa kulikuwa na mkebe wa Babu, na ndani yake vile vitu tulivyovijua tangu utotoni. Nyota ya Burma, medali ya vita vya pili vya dunia, ambayo haina jina la mwenyewe. Beji ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Na kisahani cha mviringo, wekundu wake umefifia, kina tundu moja la kupitishia kamba ya shingoni. Hicho tuliambiwa ni "namba ya Babu ya Keya", yaani ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Maandishi yake yalikuwa yamelika, na sidhani kama kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuyasoma.

Kitu kama hicho hakikwanguliwi wala hakisuguliwi. Unazima taa, unailaza tochi mezani ili mwanga upite juu juu, na herufi zilizobonyea zinajaa kivuli. Tukazima taa ya sebuleni. Shangazi akashika tochi, mimi nikashika penseli. Herufi zilikuwa zimegongwa moja moja kwa mkono, nyingine zimelala upande, nyingine zimerudiwa juu ya nyingine. Namba ilionekana kwanza, isipokuwa tarakimu ya mwisho iliyoliwa na ukingo. Kisha zikaja R na C, yaani Mkatoliki.

"Soma tena hapo," Shangazi akasema.

Nikasoma tena. Babu alikulia madrasa, akazeeka akiwa imamu wa msikiti wetu. Nikasema labda karani wa jeshi alikosea. Shangazi hakunijibu, akaisogeza tochi. Nikaanza jina, herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti, naye akizirudia. Tulipofika ya nne akanyamaza. Ya tano aliitaja yeye kabla sijaiona, na zilizofuata zote akazimalizia bila kutazama.

"Hilo ni jina la baba yako mdogo," akasema.

Baba Mdogo alizaliwa mwaka 1947. Ana jina lake la msikitini, lakini nyumbani na shuleni ameitwa jina jingine, la ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambalo hakuna mwingine mwenye nalo katika ukoo wetu wote wa Tunduru. Tulipomuuliza Bibi alisema Babu ndiye aliyelitaka, na mazungumzo yakaishia hapo. Tukamwita. Alikuwa nje na wazee wenzake, akaingia akishangaa giza, akauliza kumetokea nini tena. Nikamwonyesha. Aliinama juu ya meza muda mrefu. Kisha akaniomba penseli, akaliandika jina lake kwenye karatasi yangu jinsi anavyotia saini, akaisogeza karatasi mpaka ikagusana na kisahani. Herufi zote zililingana isipokuwa moja. Yeye anaandika R. Kisahani kina L.

"Kumbe mimi ndiye niliyekosewa," akasema, na alilisema bila uchungu, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mtu huyu ana ndugu mahali fulani, na wao ndio wenye haki ya kulisikia kwanza.

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu, lakini ni mepesi kusimulia. Tangu mwaka 1916 askari wa majeshi ya Uingereza walipewa visahani viwili: cha kijani chenye pembe nane, na chekundu cha mviringo kilichoning'inia chini yake. Kabla ya hapo walivaa kimoja tu. Askari akiuawa, wenzake walikichukua ili kupeleka taarifa, na maiti ikabaki haina jina kwa atakayeikuta baadaye. Vikawa viwili, cha kijani azikwe nacho mwenyewe, chekundu kikatwe kipelekwe ofisini ili kifo kiandikwe na nyumbani kwake wajulishwe.

Siku nilipolielewa hilo usingizi ulinipaa. Babu alikuwa mbeba machela. Chekundu cha mtu huyu kilikuwa kwenye mkebe wake, chini ya kanga za Bibi, miaka sabini baada ya vita. Je, nyumbani kwake kuna aliyewajulisha?

Nikaingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi kwa yeyote kwenye intaneti. Nilitafuta kwa L, nikatafuta kwa R, nikaongeza irabu, nikapunguza, maana makarani waliyaandika majina ya askari wetu jinsi masikio yao yalivyoyapokea. Nilipitia mnara wa Rangoon, ulioko ndani ya makaburi ya Taukkyan huko Burma, wenye majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana, Waafrika wakiwemo. Nikakutana na mmoja ambaye jina lake linakaribiana, moyo ukanidunda. Lakini yeye alikuwa wa kikosi cha mizinga. Alizama na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama chini ya dakika mbili na kuua watu karibu 1,300. Majina ya askari wetu wa meli ile yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Nilibaki kuyasoma hayo majina usiku ule mpaka kukakucha, ingawa namba za huyo wa mizinga hazikukaribiana kabisa na zetu.

Wetu hayumo.

Shangazi alipopata habari hiyo alisema Alhamdulillahi. Kwake yeye, asiyekuwemo kwenye orodha ya wafu ni mzima. Anasema vijana wawili walipendana kama ndugu, na siku ya kuagana mmoja akakata kisahani chake akampa mwenzake, basi. Inawezekana. Askari aliyekwisha kuachishwa jeshi hakuwa na kazi nacho tena.

Baba Mdogo haamini hivyo. Anasema mtu hampi mwanawe jina la rafiki aliyeagana naye bandarini akiwa mzima. Na anakumbuka jambo moja ambalo mimi pia nalikumbuka: masimulizi ya Babu ya Burma yalianzia darajani. Lile daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, walilolivuka huko Kalewa, juu ya mto Chindwin, Desemba 1944, lenye urefu wa zaidi ya mita 350, alilieleza mpaka tukaliona. Nimesoma baadaye kilichotangulia daraja. Miezi ya kushuka bonde la Kabaw kutoka Tamu katika mvua za masika ya huko, magari yakizama tope, malaria na taifasi zikiwamaliza watu, na majeruhi wakibebwa mabegani mwa watu kama Babu. Katika hayo yote hakutusimulia hata siku moja.

Nimewahi kufikiri jambo linaloniuma kulisema. Huenda Babu alikikata kisahani kile akitakiwa kukifikisha ofisini, na hakukifikisha. Sijui kama katika tope lile palikuwa na ofisi ya kukifikishia. Huenda taarifa ilikwenda kwa njia nyingine na karani akaliandika jina kwa namna ambayo sijaijaribu bado. Nikipita pale kwenye sanamu ya Askari, Dar es Salaam, ile iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vya kwanza, huwa nasoma yale maneno ya kwamba askari hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Huyu kama aliacha wana sijui. Jina lake limebebwa na mtoto wa mtu mwingine, kwa herufi moja iliyokosewa, na limeandikwa kwenye cheti cha ndoa, hati ya shamba na madaftari ya wajukuu.

Njia iliyobaki ni zile herufi mbili, R na C. Wamisionari Wakatoliki wa Nyasa, Malawi ya leo, walitunza vitabu vya ubatizo, na mtoto aliyebatizwa kwenye miaka ya ishirini yawezekana yumo, pamoja na jina la baba yake na la kijiji. Baba Mdogo amesema safari ya Malawi ataifanya yeye mwenyewe, siyo mimi, na mwaka huu amepata pasipoti. Ametaka niandike barua za utangulizi kwa maparokia, kwa L. Shangazi amekubali kuchangia nauli, kwa sharti kwamba ndugu wakipatikana kisahani kibaki kwao. Baba Mdogo aliitikia nauli. La kisahani hajalijibu mpaka leo.