Hendrix au Led Zeppelin? Kwanza zima spika ya simu

Barazani Ngamiani, ubishi wa Simba na Yanga ukishachosha watu, huhamia kwenye muziki. Wapenzi wa roki hapa Tanga si wengi, lakini wabishi. Mmoja anasema Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, peke yake anaizidi Led Zeppelin yote, ile bendi ya Waingereza, wanne kwa mpigo. Mwingine anatema kashata. Halafu mtu anatoa simu, anaisimamisha kwenye kikombe ili ipate mwangwi, anabonyeza, na watu wanatoa hukumu. Kesi imeshaharibika hapo hapo, maana simu imempigia kura Hendrix kabla wimbo haujaanza.

Sababu ni hii. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa mtupu, unatetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ni hezi 82, na ule mwembamba kabisa ni 330. Spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na chini ya hezi mia tatu hivi nguvu zinaiishia. Solo inapita salama. Besi inapita mabaki yake tu, zile sauti za juu zinazoambatana na noti, na sikio linajikisia zilizobaki. Dramu kubwa ya mguu inakuwa kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Kwa hiyo hapo barazani mnamlinganisha mpiga solo mzima na bendi iliyokatwa miguu.

Sabufa nayo haiokoi kesi. Zile za vibandani, zilizofunguliwa besi hadi mwisho, zina tundu linalovumisha noti moja au mbili kuliko nyingine zote. Sikiliza “The Lemon Song” ya Zeppelin ya mwaka 1969 kwenye sabufa ya namna hiyo: John Paul Jones, mpiga besi wao, anatembea na besi yake wimbo mzima, hakai mahali pamoja, lakini wewe utasikia “buu, buu, buu” kama trekta la mkonge. Mtu akitoka hapo akisema Jones hapigi kitu, simlaumu sana.

Kosa la tatu ni kugawana hedifoni, sikio moja kwako na jingine kwa mwenzio. Rekodi za miaka ile ya 1967 na 1968 zilipenda kutupa vyombo pembeni kabisa, kimoja kulia, kingine kushoto. Mmoja wenu anaweza kubaki na gitaa tupu na mwingine na dramu tupu, halafu mnabishana kwa dhati kuhusu nyimbo mbili tofauti. Mwisho wa “Bold as Love” ya Hendrix, ile sauti inayozunguka kichwani kama upepo wa kusi imetengenezwa kwa pande zote mbili kwa pamoja. Kwa sikio moja haizunguki, inapwaya tu.

Basi chukua hedifoni za waya, hata za bei nafuu, mradi zizibe sikio vizuri. Zikilegea, besi inavuja. Zima ikwalaiza, ile mipangilio ya kuongeza na kupunguza besi na sauti za juu, na kila kitu kinachojiita nyongeza ya besi. Usitumie wimbo uliorekodiwa kutoka spika nyingine ukatumwa kama ujumbe wa sauti. Na la muhimu, ambalo watu hulisahau: sawazisha ukubwa wa sauti. Toleo lililosafishwa upya mara nyingi limepandishwa sauti, na sikio la binadamu huchukua chenye sauti kubwa zaidi likadhani ndicho kizuri zaidi. Punguza kile kinachopiga kelele mpaka nyimbo mbili zilingane, ndipo uanze.

Anza na Hendrix, na anza na “Little Wing” ya mwaka 1967. Haifiki dakika mbili na nusu. Sikiliza kidole gumba chake: kinapita juu ya shingo ya gitaa na kubana uzi wa besi, na kwa hilo vidole vinne vinabaki huru kupamba. Ndiyo maana anapiga kodi (siyo ile ya mapato, ni noti kadhaa kwa pamoja) na solo kwa wakati mmoja, bila pengo. Ukitaka kupiga naye, shusha nyuzi zote sita nusu sauti, E iwe E-flati, la sivyo utakuwa nje wimbo mzima na kudhani gitaa lako ni bovu. Tahadhari tu kwamba “Purple Haze” hakuishusha kwenye rekodi ya studio.

Kuna na ule ushoto wake. Hendrix alichukua gitaa la umeme aina ya Stratocaster, la mkono wa kulia, akaigeuza, akafunga nyuzi upya ili ule mnene ubaki juu. Kinasa sauti, kile kidude kinachonasa mtetemo wa nyuzi, cha karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini, kwenye gitaa hilo kimewekwa mshazari. Kikigeuzwa, nyuzi nene zinanaswa karibu zaidi na daraja, zinatoa sauti kali, na zile nyembamba zinanaswa mbali kidogo, zinalainika. Hivyo anayenunua pedali zote alizotumia, vile visanduku vya mguu vya kubadili sauti ya gitaa, Fuzz Face na wah ya Vox, akazifunga kwenye Stratocaster ya kawaida, bado atapungukiwa kitu. Na shoto wa hapa nyumbani anayetaka kujaribu asigeuze nyuzi tu: kile kimfupa cha juu kinachobeba nyuzi kina mikato ya unene tofauti. Usipokibadilisha, uzi mnene hautaingia kwenye mkato mwembamba, na ule mwembamba utacheza kwenye mkato mpana na kulia zii.

Mpaka hapo Hendrix anaongoza, na kama swali lingekuwa nani mpiga gitaa bora kati yake na Jimmy Page wa Zeppelin, ningefunga mjadala tukanywe kahawa. Lakini swali ni mtu dhidi ya bendi. Kwa hiyo weka “Manic Depression”, nayo ya mwaka 1967, na safari hii liache gitaa, mfuate Mitch Mitchell kwenye dramu. Wimbo unakwenda kwa mapigo matatu matatu, na Mitchell anaviringisha mikono bila kupumua. Jaribu kuliimba gitaa peke yake kwa mdomo: ni ngazi fupi inayopanda na kushuka, basi. Anayeupa wimbo homa ni Mitchell. Watu wa “Hendrix peke yake” hawajawahi kumsikia Hendrix peke yake, ndiyo tabu yao.

Sasa nenda kwa Zeppelin. “Black Dog” ya mwaka 1971 ni ushahidi mbaya kwa wanaoabudu magitaa. Lile gitaa zito linalojipinda, ambalo kila mtu humpa Page, msingi wake aliuleta John Paul Jones, mpiga besi. Halafu John Bonham, mpiga dramu wao, anakataa kujipinda nalo. Anapiga moja kwa moja kama msumari ukutani, na magitaa yanamkimbia na kumrudia. Ukipotea, hesabu dramu, usihesabu gitaa.

“Kashmir” ya mwaka 1975 inafanya jambo kama hilo kwa utulivu zaidi. Piga mguu kwa nne ukifuata Bonham, na gonga kidole kwa tatu ukifuata gitaa. Vitaachana, kisha vitakutana tena baada ya mapigo 12. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za pwani hili halimshindi; kwetu tatu kulalia mbili ni jambo la kila arusi. Wa kuupiga kwa gitaa ashushe uzi wa sita kutoka E hadi D, wa pili kutoka B hadi A, na wa kwanza kutoka E hadi D, nyingine aziache. Nyuzi zikiwa nyembamba sana zitalegea na kugonga vyuma vya shingo.

Kisha “When the Levee Breaks”, ya mwaka 1971. Dramu zile ziliwekwa kwenye ukumbi wa ngazi wa nyumba kubwa ya Headley Grange, Uingereza, na maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu ya ngazi. Unachosikia ni dramu pamoja na nyumba. Kwenye simu hubaki kofi. Kwenye hedifoni nyumba nzima inaingia.

Wenye gitaa watanijibu kwa “Machine Gun”, wimbo wa vita wa Hendrix, uliorekodiwa ukumbini New York kwenye maonyesho ya mwaka mpya wa 1970, na jibu hilo ni zito. Zaidi ya dakika 12, na kuna noti moja Hendrix anayoivuta mpaka unasahau kumeza mate. Lakini sikiliza chini yake: Buddy Miles anarusha risasi kwa dramu, na Billy Cox anarudia kijipande kifupi cha besi kwa uvumilivu wa ajabu. Wakiondoka hao, noti ile inaning'inia hewani bila vita vyovyote.

Hata hivyo kuna jambo Hendrix hakulimudu. Kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, Agosti 1969, alipanda na mpiga gitaa wa pili, Larry Lee, na kwenye rekodi zilizotoka gitaa la Lee limefifizwa mno. Hendrix alishajaza nafasi yote. Kiti cha pili hakikuwepo. Sisi wa Tanga tulilelewa kinyume. Wilson na George Kinyonga walipita bendi ya Jamhuri Jazz hapa hapa kabla ya kuunda bendi yao, Simba Wanyika, mwaka 1971, na ladha ya Simba Wanyika, kama ya Les Wanyika waliochipuka humo mwaka 1978, ni solo kuiachia rithimu njia na rithimu kuibebea solo mzigo. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe, Soloist National, alisolo huku wenzake wakisikika kila mmoja mahali pake.

Kwa hiyo kura yangu ni bendi. Bonham alipofariki Septemba 1980, Zeppelin hawakuajiri mwingine, walifunga. Hendrix alibadilisha mpiga besi na mpiga dramu, jina lake likabaki kwenye bango, ndiyo maana tunadhani alikuwa peke yake. Anayebisha aje na hedifoni za waya, na kama ni jozi moja tu, tubadilishane masikio kila wimbo.